Safari ya Jambo Kutoka Sikioni hadi Ghalani

Ndugu msomaji, hebu tuanze na jambo lililo la kawaida katika kila nyumba. Mtoto wa miaka minane, katika kitongoji kimojawapo kando ya mji wa Tukuyu, anaitwa na mama yake na kuambiwa akimbie dukani akalete sukari, chumvi, kiberiti, sabuni, mafuta ya kula, vitunguu na betri za tochi. Mtoto anaitika, anashika njia ya migombani huku akiyarudiarudia majina ya vitu hivyo kwa sauti ndogo. Njiani anakutana na mzee. Katika nchi ya Rungwe mtoto mwenye adabu hampiti mzee kama apitavyo mti. Sharti asimame, aamkie, aulizwe habari za baba, za bibi, na za ng'ombe aliyekaribia kuzaa, naye ajibu moja baada ya jingine. Salamu zinakwisha, safari inaendelea, na mtoto akifika dukani anakuta kichwani mwake mmebaki sukari, chumvi na betri tu. Vingine vimetoweka kama ukungu wa Mlima Rungwe jua linapochomoza.

Huko nyumbani aghalabu hungojewa na makaripio, na pengine fimbo. Ataambiwa kuwa ni mzembe, kwamba akili yake imejaa mpira, kwamba mwenziwe wa jirani hasahau. Je, ni haki? Ili tulijibu swali hili yatupasa kwanza kufahamu jinsi kichwa cha binadamu kinavyopokea jambo, kinavyolishika na kinavyolihifadhi. Maana kumbukumbu si chumba kimoja ambamo kila kinachoingia hukaa. Ni safari yenye vituo, na kila kituo kina desturi zake.

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Richard Atkinson na Richard Shiffrin, waliieleza safari hiyo katika hatua tatu. Ya kwanza ni kumbukumbu ya milango ya fahamu, yaani macho, masikio na mingineyo. Ya pili ni kumbukumbu ya muda mfupi. Ya tatu ni kumbukumbu ya muda mrefu. Tangu wakati huo wataalamu wengine wamerekebisha mengi katika maelezo hayo, lakini mgawanyo wenyewe ungali unatumika kuwa mlango wa kuingilia elimu hii.

Kwa wakazi wa Rungwe mfano wa chai unafaa sana. Shamba la chai lina majani yasiyohesabika, lakini mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi tu, mengine huyapita. Anayoyachuma huyatia katika kikapu kilichoko mgongoni. Kikapu kina kipimo chake: kikijaa sharti kimwagwe, na majani yakikaa humo muda mrefu huchemka na kuharibika. Ndiyo maana hukimbizwa kiwandani, kama kile cha Katumba, yakanyaushwe, yasagwe, yaachwe yageuke rangi, kisha yakaushwe. Jani lililopita kiwandani ndilo linaloweza kukaa ghalani kwa miezi mingi. Basi na jambo unalolisikia hupita njia kama hiyo: shamba, kikapu, kiwanda na ghala.

Tuanze na shamba. Kila dakika macho na masikio yako hupokea mambo mengi mno: sauti ya gari, harufu ya ndizi zinazochomwa, rangi ya kanga ya mpita njia. Mwaka 1960 mtaalamu aitwaye George Sperling aliwaonyesha watu herufi 12 zilizopangwa katika mistari mitatu, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, yaani sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Walipoulizwa wameona nini, waliweza kutaja herufi nne au tano tu. Lakini alipowapigia mlio mara tu baada ya herufi kutoweka, ili kuwajulisha mstari wa kutaja, waliweza kutaja karibu herufi zote za mstari huo, uwe wowote ule. Maana yake ni kwamba kwa muda mdogo sana picha nzima ilikuwamo machoni, ila ilikuwa ikififia wakati wao wangali wanataja. Picha ya macho hudumu chini ya sekunde moja. Mwangwi wa sauti hudumu sekunde chache. Ndiyo sababu mtu anayesoma gazeti akiulizwa jambo husema, "Unasemaje?", na kabla hujarudia swali, yeye huwa amekwisha kulijibu. Sauti ilikuwa bado inalia sikioni mwake.

Kinachookoa jambo katika hatua hii ni usikivu. Usilolizingatia hulichumi. Mzazi anayemwagiza mtoto huku mtoto ameelekeza macho kwenye televisheni au simu, amemwaga maneno shambani. Hayajafika hata kikapuni.

Hatua ya pili ni kikapu chenyewe. Mwaka 1956 George Miller, mtaalamu wa Marekani, aliandika makala iliyopata sifa kubwa akieleza kwamba mtu wa kawaida huweza kushika kwa mara moja mambo kama saba hivi, akizidisha mawili au akipunguza mawili. Uchunguzi wa baadaye, hasa ule ulioelezwa na Nelson Cowan mwaka 2001, umeonyesha kuwa mtu akizuiwa kurudiarudia na kuunganisha, hesabu hiyo hushuka hadi mambo manne hivi. Na hao ni watu wazima! Kikapu cha mtoto ni kidogo zaidi, na hukua naye kadiri anavyoongezeka umri. Basi mama aliyetaja vitu saba alikuwa amekwisha kukijaza kikapu hata kabla mtoto hajavuka kizingiti.

Na yule mzee wa njiani? Huyo naye amekwisha kupimwa na wataalamu. Mwaka 1959 mume na mke wa Chuo Kikuu cha Indiana, Lloyd na Margaret Peterson, waliwapa watu herufi tatu tu za kukumbuka, kisha papo hapo wakawaambia wahesabu kwa kurudi nyuma, wakiondoa tatu kila mara. Baada ya sekunde 18 watu hao waliweza kuzitaja herufi zile kwa usahihi mara moja tu hivi katika kila majaribio kumi. Herufi tatu, sekunde 18! Mtoto wetu alikuwa akikilinda kikapu chake kwa kurudiarudia maneno kimoyomoyo. Salamu zilipoanza, ulimi na akili vikashikwa na kazi nyingine, na majani yakamwagika njiani. Kumbe adabu tuliyomfunza wenyewe ndiyo iliyomsahaulisha, nasi tukataka kumwadhibu kwa kusahau.

Yako maarifa ya kukipanua kikapu hiki. Kubwa lao ni kufunga vitu mafungu. Angalia jinsi tunavyotaja nambari ya simu: hatusemi tarakimu kumi moja moja, bali twazikata vipande vitatu au vinne, na kila kipande huwa kama jambo moja. Mama naye anaweza kusema: "Vya jikoni ni vinne: sukari, chumvi, mafuta na vitunguu, visivyo vya kula ni vitatu: kiberiti, sabuni na betri." Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili huukata mshororo wa mizani 16 katika vipande viwili vya mizani nane nane, kisha huvifunga kwa vina. Pamoja na kupendeza masikioni, vina ni kamba ya kufungia mzigo. Anayekumbuka kina hulipata na neno lake.

Sasa tufike kiwandani. Jambo huhamaje kutoka kikapuni hadi ghalani? Jibu kubwa la swali hili lilitokana na msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aitwaye Henry Molaison alipasuliwa kichwa ili kutibiwa kifafa kilichomtesa tangu utotoni. Daktari aliondoa sehemu za ndani za ubongo wake, pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya kile kiungo kiitwacho hipokampasi, ambacho umbo lake hufanana na farasi wa bahari. Kifafa kilipungua sana, lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Alizungumza vizuri, alikumbuka utoto wake, aliweza kushika tarakimu kadhaa kichwani kama mtu yeyote. Lakini mgeni akitoka nje na kurudi baada ya dakika chache, kwake alikuwa mgeni mpya. Daktari Brenda Milner wa Montreal alimchunguza kwa miaka mingi, na kila walipoonana ilikuwa kana kwamba ni mara ya kwanza. Henry alifariki mwaka 2008.

Mambo matatu makubwa yalifahamika kwake. Kwanza, kikapu na ghala ni vitu viwili mbalimbali, kwa kuwa kimoja kilibaki kizima na mlango wa kingine ukafungwa. Pili, hipokampasi ndiyo mfano wa kiwanda chetu. Hapo ndipo mambo mapya hutayarishwa, kisha kwa muda wa majuma, miezi na hata miaka hukita mizizi katika sehemu nyingine za ubongo. Tatu, ghala lina vyumba. Milner alimfundisha Henry kuchora nyota huku akitazama mkono wake ndani ya kioo, kazi ambayo ni ngumu kwa kila mtu. Kwa muda wa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa stadi, ingawa kila siku alisema hajapata kuifanya kazi hiyo. Maarifa ya mikono yana chumba chake. Mchuma chai hodari, fundi cherehani na dereva wa lori la Kiwira hawawezi kukueleza kila wanachokifanya, lakini mikono yao inakumbuka.

Ndugu msomaji, kuingia ghalani si mwisho wa habari. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kujifunza silabi zisizo na maana. Aliona kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja thuluthi mbili hivi. Na baada ya mwezi sehemu nne katika tano hivi. Usahaulifu hukimbia sana mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Lakini kila mara alipojifunza upya, kazi ilikuwa nyepesi kuliko mwanzo.

Taifa letu limepata somo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Kampeni za kisomo cha watu wazima zikaendeshwa kila kijiji, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kwamba waliobaki ni chini ya 10 katika kila 100. Lakini viongozi wa elimu walitambua mapema kuwa mtu aliyejifunza kusoma akakosa cha kusoma atasahau. Ndiyo maana zilianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini kama *Elimu Haina Mwisho*. Pale huduma hizo zilipofifia, wengi walirudi walikotoka. Sensa ya mwaka 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu katika kila kumi hawajui kusoma. Sababu zilikuwa nyingi, wakiwemo watoto waliokosa shule. Lakini hapana shaka kwamba kisomo kisichotumika nacho hupotea.

Tufanyeje basi? La kwanza ni kurudia kwa kuachanisha. Mwanafunzi anayesoma saa nne usiku mmoja kabla ya mtihani hushindwa, baada ya muda, na yule aliyesoma saa moja moja kwa siku nne. La pili ni kujiuliza. Mwaka 2006 wataalamu Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliofunga kitabu na kujaribu kukumbuka walichosoma, baada ya juma moja walikumbuka zaidi kuliko wale waliokisoma tena na tena. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia hapa: mwambie mtoto, "Nisimulie mlichofundishwa leo." Kwa kusimulia, analichukua jambo ghalani na kulirudisha likiwa imara zaidi.

La tatu ni usingizi. Ubongo huendelea na kazi ya kiwanda wakati mwili umelala. Mtoto anayekesha hupoteza sehemu ya alichojifunza mchana. La nne ni chakula. Mtoto mwenye njaa hana usikivu. Na mama mjamzito asikose chumvi yenye madini joto, kwa sababu upungufu wa madini hayo hudhoofisha ubongo wa mtoto tangu tumboni. Nyanda zetu za juu za kusini zilijulikana kwa ugonjwa wa tezi la shingo unaotokana na upungufu huo huo.

La tano ni maana. Mwingereza Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi mchungaji wa Kiswazi alivyoweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi zao na bei zao, akikosea kidogo sana. Lakini katika mambo mengine Waswazi aliowapima hawakuwa na kumbukumbu ya ajabu kuliko Waingereza. Mtu hukumbuka kilicho na maana katika maisha yake. Wazee wa Rungwe, nchi ambamo ng'ombe ni heshima na mahari, hawatashangaa.

Sasa tuwageukie wazee hao wenyewe, maana hapa ndipo penye uchungu katika nyumba nyingi. Mtu anayefanya kazi Mbeya au Dar es Salaam hurudi nyumbani likizo akamkuta mama yake akisimulia sawasawa mambo ya usichana wake, lakini hakumbuki kwamba amekwisha kula, na anauliza swali lile lile mara nne. Jamaa wengine hunong'ona kuwa anajifanya. Wengine, vibaya zaidi, hutaja uchawi. Sivyo. Katika ugonjwa uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906, hipokampasi na jirani zake ni miongoni mwa sehemu zinazoharibika mapema. Kiwanda kinapofungwa, mambo mapya hayapati pa kwenda, ilhali yale ya zamani, yaliyokwisha kuwekwa ghalani, hudumu muda mrefu. Ndiyo maana mzee aliyesahau jina la mjukuu huweza kuimba wimbo aliofundishwa utotoni tangu mwanzo hadi mwisho.

Wala huu si ugonjwa wa Ulaya peke yake. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2010 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulionyesha kuwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi ya upotevu wa kumbukumbu. Mzee wa namna hii apelekwe hospitali, kwani ziko sababu nyingine za kusahau zinazotibika: upungufu wa vitamini, ugonjwa wa tezi, huzuni nzito, au dawa zisizomfaa. Na ikiwa hakuna tiba ya kumponya, ipo tiba ya kumtunza. Usimbishie, usimtahini mbele ya wageni. Muulize ya zamani, ambayo anayo.

Muulize, kwa sababu ghala la mtu mmoja hufungwa pamoja naye. Katika wilaya ya Rungwe uko mlima Kyejo, ambao kwa mujibu wa simulizi za wenyeji ulitoa moto mara ya mwisho miaka kama 200 iliyopita, karibu mwaka 1800. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kiasi cha kilometa 8. Hakuna aliyeandika habari hiyo siku ilipotokea; wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Kwa miaka mingi moto ule ulihifadhiwa vichwani tu, ukipita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, mpaka wataalamu wa miamba walipokuja katika karne ya ishirini wakazipokea simulizi hizo na kuziandika. Leo, wanaopima hatari ya volkano katika nchi hiyo huutegemea ushahidi huo.

Bila shaka simulizi nazo hubadilika njiani. Bartlett huyo huyo alionyesha kwamba kila anayesimulia hujenga upya, akipunguza asichokielewa na kuongeza kinachomfaa. Kwa hiyo kusikiliza peke yake hakutoshi, yafaa kuandika. Daftari la shule linatosha: majina ya mababu, walikotoka, mipaka ya shamba, nani alioa wapi, mwaka gani njaa, mwaka gani mafuriko. Familia nyingi zimepoteza mashamba mahakamani kwa sababu aliyeujua mpaka alizikwa bila kuulizwa.

Basi, ndugu msomaji, ukimtuma mtoto, mwite karibu, mtazame machoni, mfungie vitu mafungu mawili, mwambie akurudishie maneno kabla hajaondoka. Na vikizidi vitano, mwandikie katika karatasi. Akikutana na mzee njiani, acha asimame aamkie. Vitunguu vitafuatwa tena kesho. Mzee yule naye ana mambo ghalani mwake ambayo hayauzwi dukani.